Chuma Kinacholia: Mpiga Ngoma kwa Wahunzi wa Mamba

Ngozi sisi wapiga ngoma tunaijua. Tumemwona mbuzi akichunwa, tumeiwamba ngozi ingali mbichi, tumeipasha moto ikaze kabla ya kupiga, na ikipasuka tunajua pa kupata nyingine. Matoazi ni habari nyingine kabisa. Yanatufikia yamo ndani ya boksi, yanang'aa, yana muhuri wa mji wa mbali. Yakipata ufa ukingoni tunatoboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee, na hapo utaalamu wetu unakoma. Nimepiga ngoma tangu utotoni, kwanza kanisani, kisha katika bendi za harusi Morogoro, na muda wote huo nimetamani kusimama karibu na mtu anayekifua chuma mpaka kilie.

Viwanda vyenye sifa viko mbali. Avedis Zildjian, Mwarmenia wa Konstantinopoli, alifua matoazi kwa ajili ya bendi za jeshi la Sultani, na karakana ya familia yake huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1623. Leo kiwanda chao kiko Norwell, Massachusetts, nchini Marekani. Robert Zildjian wa ukoo huohuo alijitenga akaanzisha Sabian mwaka 1981 kule Meductic, Kanada. Paiste wako Uswisi, Meinl wako Ujerumani, na jijini Istanbul bado zipo karakana ambazo fundi hukaa na toazi moja akalipiga kwa nyundo ya mkono mpaka sauti imridhishe. Nimesoma sana juu ya kazi hiyo, na kila nikisoma naona inasimama juu ya vitu vinne: moto, nyundo, maji na sikio la fundi. Vitu hivyo vinne viko Kilimanjaro, katika eneo la Mamba, mashariki ya Marangu, ambako wahunzi wa Kichagga bado wanafua chuma kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Nikaamua kuanzia huko.

Daladala za Marangu hutoka Moshi mjini zikapita Kiboriloni, ambako soko la mitumba hufurika hadi kando ya lami, kisha Himo. Hapo unaiacha barabara ya kwenda Holili na Taveta, unakunja kushoto, na gari linaanza kupanda. Mahindi na alizeti hubaki chini. Juu ni vihamba: migomba imeifunika mibuni, chini yake kuna magimbi, na katikati hupita mifongo, mifereji ya asili ambayo Wachagga waliichimba kuteremsha maji kutoka msituni. Hewa hupoa, na sauti nayo hubadilika. Kule tambarare mlio hutawanyika. Huku kwenye makorongo yaliyojaa migomba hufika masikioni ukiwa mfupi na mkavu, hauna mwangwi.

Marangu Mtoni nilichukua bodaboda kwenda Mamba, upande wa Komakundi. Nilimwambia kijana "kwa wahunzi" na hakuuliza zaidi. Nyundo tulizisikia kabla hatujaliona paa. Pigo zito, pigo jepesi, zito, jepesi, zito, jepesi, halafu mapigo mawili madogo makavu, na kimya. Kisha ikaanza upya. Mpiga ngoma hawezi kusikia jambo kama hilo asianze kuhesabu.

Karakana ni banda la bati lililopauka kwa moshi. Pande mbili ziko wazi na pande mbili zimezibwa makusudi ili ndani kuwe na giza, kwa sababu mhunzi hupima joto kwa macho. Chuma chenye wekundu wa giza bado kinakataa nyundo. Kikifika rangi ya chungwa kinakubali. Kikikaribia njano kinalainika kabisa. Na kikianza kurusha cheche nyeupe kimekwisha kuungua. Juani rangi hizo zote huonekana moja. Nilimsalimia mzee wa kazi kwa salamu ya Kichagga niliyofundishwa na abiria mwenzangu, "Shimboni, Meku," naye akaitika, kisha akageukia Kiswahili.

"Karibu mwanangu, kaa. Usisimame penye mwanga."

Nilikuwa nimebeba toazi langu lenye ufa. Alilipokea, akaliinua kwa kidole kimoja tunduni, akaligonga kwa ukucha na kulisikiliza hadi mwisho. Alipitisha kidole gumba juu ya ufa, akasema hii ni shaba, si chuma chake, lakini ufa ni ufa, na dawa yake ni kutoboa tundu pale unapokomea. Mimi nilikuwa sijasema neno. Nilijua nimefika mahali nilipopatafuta.

Mivukuto ni ngozi mbili za mbuzi, kila moja imeshonwa ikawa mfuko. Kwenye mdomo mpana zimefungwa fito mbili zinazofunguka na kujifunga. Upande mwembamba umeingia kwenye bomba linaloishia katika mdomo wa udongo ndani ya makaa. Mvukutaji hukaa chini, mkono mmoja kwa kila ngozi. Huinua huku amefungua vidole, ngozi ikavuta hewa. Hufumba, akashindilia chini, na upepo ukaingia motoni. Mkono wa kulia ukishuka wa kushoto unapanda, na kazi yote ni kuhakikisha upepo haukatiki kati ya mkono mmoja na mwingine.

Aliyekuwa akivukuta ni mjukuu wa mzee, na moto wake ulisimama palepale, haupandi wala haushuki. Aliponipisha, moto ulianza kucheza: ukaruka kwa mkono wangu wa kulia, ukanywea kwa wa kushoto. Walimu wa ngoma hutusisitizia miaka yote tusawazishe mikono, na sote huamini imekwisha kuwa sawa, kwa kuwa ngozi ya ngoma husamehe. Moto unaonyesha tofauti ya mikono papo hapo, mbele ya macho ya kila aliyemo bandani. Nilikaa pale nikivukuta mpaka ukatulia. Laiti ningekuwa na shule ya ngoma, wanafunzi wangeanzia kwenye mivukuto kabla ya kukabidhiwa fimbo.

Nyundo nazo zina utaratibu wake. Mzee hushika koleo kwa mkono wa kushoto na nyundo ndogo kwa wa kulia. Msaidizi husimama mbele yake na nyundo kubwa ya mikono miwili. Nyundo ndogo haitandazi chuma, inaonyesha. Pale inapogonga ndipo nyundo kubwa itatua. Akitaka pigo la nguvu hugonga kwa nguvu, akitaka la taratibu huchelewesha kidogo, na akitaka kazi isimame hasemi: huigonga fuawe yenyewe mara mbili, na msaidizi hushusha nyundo. Yale mapigo mawili makavu niliyoyasikia nikiwa juu ya pikipiki yalikuwa amri. Aliyelelewa katika ngoma zetu ataielewa lugha hii bila mkalimani, maana ngoma inayoongoza huita, nyingine huitikia, na ishara ya kumaliza hutoka kwa kiongozi. Sijawahi kuona bendi ya watu wawili iliyopatana kiasi kile, na hawakuwa wakipiga muziki.

Chuma wanachofua siku hizi ni chakavu. Springi za malori hugeuka visu na mikuki, nondo hugeuka patasi, na bati nene la matangi mabovu hugeuka kengele. Zamani chuma kilitoka Upare. Kule Ugweno ukoo wa Washana ndio waliokuwa mabingwa wa kuyeyusha na kufua, na mapokeo ya Wapare yanasema walikuwa watawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Wachagga walikinunua chuma hicho wakakifua upya kuwa mikuki, majembe na mapambo. Karne ya 19, wakati Mangi (watawala) wa mlimani walipokuwa wakipigania ng'ombe na njia za misafara, mtu mwenye karakana hakuwa mtu wa kupuuzwa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuishi miaka mingi Moshi ya Kale, alimpa mhunzi wa Kichagga makala nzima aliyoichapisha kwa Kijerumani mwaka 1912, na ndani yake nyundo ni kitu cha kuheshimiwa na kuogopwa. Nilipoiona ikifanya kazi sikushangaa.

Nilimwomba mzee anifulie kengele, akakubali, akauliza kwanza ni ya ng'ombe au ya ngoma. Nikajibu ya ngoma. Alikata kipande cha bati nene kwa patasi kikiwa chekundu, akakikunja katikati juu ya ncha ya fuawe, akazikutanisha kingo mbili na kuzipiga zikumbatiane, kisha akaufungua mdomo kwa kugonga kutoka ndani. Alipoitundika kwa waya na kuigonga kwa kijiti, ilitoa mlio mfupi, bubu. Hakuangalia mdomo. Alielekeza mshono kwenye mwanga wa mlango, akaonyesha mahali karibu na bega ambapo kingo hazikushikana, akairudisha motoni, akaupiga mshono upya. Safari hii ililia, na ikaendelea kulia.

Hapo ndipo sayansi ya jambo lenyewe ilipo. Mtetemo huizunguka kengele nzima. Ukikuta pengo, kingo mbili husuguana na kuula mtetemo kabla haujatoka kuwa sauti. Toazi langu lenye ufa linaugua ugonjwa huohuo. Nikamwomba aishushe sauti kidogo, naye akauponda ukingo wa mdomo ukawa mwembamba zaidi, sauti ikashuka. Wapiga matoazi tunaijua kanuni hiyo kwa upande wetu, kwamba toazi jembamba huwa na sauti ya chini na hufunguka upesi, na nene huwa na sauti ya juu yenye ncha. Baada ya hapo wekundu ukaisha, chuma kikawa cheusi, nami nikadhani kazi imekwisha. Mzee akaendelea na mapigo mepesi ya karibu karibu, na kadiri alivyopiga ndivyo mlio ulivyosafika, kwa sababu chuma kilichopigwa baridi hukaza. Mafundi wa Istanbul nao humalizia matoazi yao kwa nyundo yakiwa baridi. Mzee wa Mamba hakuwa na habari zao. Alirithi jambo hilo kwa baba yake.

Lakini mazungumzo yetu yalikaa zaidi kwenye maji kuliko kwenye kitu kingine chochote. Kisu cha springi kikishaundwa hupashwa hadi kiwe chekundu, kikatumbukizwa majini, na hapo hukazika hata tupa inateleza juu yake. Kikiachwa hivyo huvunjika, kwa hiyo hukirudisha karibu na moto kidogo kupunguza ule ukali. Nikamweleza kwamba matoazi mazuri ni mchanganyiko wa shaba, karibu sehemu 80 kwa 100, na bati, ile metali laini nyeupe iliyomo kwenye risasi ya kulehemu, sehemu 20. Mchanganyiko huo ukiachwa upoe polepole huwa kama sahani ya udongo: pigo moja, vipande. Ukipashwa ukawa mwekundu kisha ukatumbukizwa majini hulegea, ukavumilia nyundo.

Mzee aliweka koleo chini. Akaniomba nirudie. Maji yanayokikaza chuma ndiyo yanayoilegeza shaba hiyo? Ndiyo, Meku. Inakuwaje? Nilimpa maelezo niliyoyajua: shaba na bati vikipoa taratibu hupata muda wa kujenga punje ngumu zinazokatika, na maji huzinyima muda huo. Ndani ya chuma, maji huibana kaboni mahali isipopataka, nayo kwa kubanwa hukikaza chuma chote. Alitafakari, kisha akauliza swali ambalo mtaalamu yeyote angeuliza: shaba chakavu Moshi inauzwaje kwa kilo? Alikuwa akifikiria nyaya za mota zilizoungua. Akaniomba nimwachie lile toazi. Alitaka kukata sehemu yenye ufa na kuona kama sehemu nzima iliyobaki ingetoa matoazi madogo ya mkononi. Nikamwachia kwa moyo mweupe.

Kengele na njuga nilizonunua niliteremka nazo Moshi kwa rafiki zangu wa bendi. Jumamosi mjini Moshi ni siku ya matarumbeta: gari la wazi limetangulia msafara wa harusi, nyuma yake wamesimama wapiga tarumbeta, ngoma kubwa, ngoma ndogo na matoazi, na mji mzima unajua bwana harusi anapita. Mizizi ya muziki huo iko mlimani. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Machame mwaka 1893 na Mamba mwaka 1894, na Walutheri wa Kijerumani walikuja na desturi yao ya kupiga tarumbeta ibadani. Sharika za Kilimanjaro zinaishika mpaka leo. Matoazi yalikuwa yameshatembea njia ndefu kabla ya hapo. Katika karne ya 18 majeshi ya Ulaya yaliiga ngoma kubwa na matoazi kutoka bendi za Waturuki, na bendi za namna hiyo zikavuka bahari na wanajeshi na wamisionari. Kwenye pwani yetu vijana waliziiga wakazaa ngoma ya beni tangu miaka ya 1890.

Tuliifunga kengele ya Mamba kwenye fremu ya ngoma kubwa, mbele ya tarumbeta. Nilihofu ingemezwa. Haikumezwa. Toazi hutandaza sauti juu ya kila kitu. Kengele ya chuma hupenya katikati, kavu, ikaweka alama ya mwendo ambayo hata mpiga tarumbeta wa mwisho kule nyuma aliisikia. Njuga tulimvisha mpiga ngoma ndogo mguuni, na kila alipokanyaga tukapata mlio wa tatu ambao hakuna aliyeulipia nafasi garini. Bendi ilicheza hivyo harusi nzima.

Hapo ndipo moyo wangu ulipouma. Mamba ina nyundo na Mamba ina usharika wa tangu 1894, lakini sijaona bendi ya matarumbeta iliyobeba kengele ya mhunzi jirani. Pwani hawakuacha pengo hilo. Kule, upatu wa shaba umekuwa chombo cha ngoma kwa vizazi, na siwa ya shaba ya Lamu inaonyesha kwamba fundi Mswahili aliaminiwa kutengeneza chombo cha sauti cha kutukuza mji mzima. Huku juu tuna mafundi wanaosikia ufa kwa ukucha, na tunawaagiza vichwa vya mikuki vya kuwauzia watalii.

Kilimanjaro imeshawahi kumpata mtetezi wa chombo cha muziki. Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea, alishirikiana na Mmarekani James Harris kuanzisha mradi wa kuhifadhi mpingo mwaka 1996, kwa kuwa mti huo ndio unaotoa klarineti na oboe za dunia nzima na huchukua miongo mingi kukomaa. Alipanda miche na watoto wa shule na vikundi vya wanawake, akatambuliwa na Tuzo za Rolex mwaka 2002, na aliendelea na kazi ya kulinda miti mpaka karibu na kifo chake mwaka 2014. Uhunzi wa Mamba unahitaji watu wa moyo huo. Mashine za kuchomelea mjini zinafanya haraka, vijana wanaona bodaboda inalipa kila jioni, na mhunzi hawezi kumfundisha mjukuu kazi isiyo na mnunuzi. Kengele ya kuchomelea nayo hulia, lakini fundi aliyeiharakisha hakuisikiliza, na sisi tunaopiga tunaitambua.

Kwa hiyo nawaomba wapiga ngoma wenzangu, viongozi wa bendi za matarumbeta, walimu wa kwaya na wa ngoma za shule: nendeni Mamba, na msiende kwa picha peke yake. Agizeni kengele kwa jozi, moja ya sauti ya juu na moja ya chini. Agizeni njuga za miguuni. Mwenye matoazi yenye ufa ayachukue, hata kama ameshayatupa darini. Fikeni asubuhi, na mbebe ngoma yenu mkaipige hapohapo bandani, ili mzee aisikie kengele ikiwa pamoja nayo kabla hajaiondoa kwenye fuawe. Mlipe sehemu ya fedha kabla moto haujawashwa, kwa sababu mkaa na chuma chakavu hununuliwa kwa taslimu.